Walinzi Watatu

Nabonyeza kitufe baada ya swala ya alfajiri.
Taa ya kijani inawaka, feni inakohoa,
nami nakwenda zangu jikoni.
Naukanda unga, naufunika kitambaa,
namfukuza punda wa jirani barazani,
namwamsha Twaha, namwamsha tena,
nakaanga mahamri ya sinia la kwanza.
Nikirudi, kile kiduara bado kinazunguka
kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.

Wateja wangu hawakijui kiduara.
Wanajua barua ya kuomba kazi,
hati ya kuuza nusu shamba la minazi Matondoni,
kadi za arusi mia mbili na hamsini
ambazo jina la bwana arusi
limesahihishwa mara tatu.

Mkwe wangu, Bi Somoe, aliitazama mara moja:
"Imepijwa ito hiyo."
Akaleta chetezo, akaifukiza ubani na udi
mbele na nyuma, kama mzazi wa siku saba,
na feni ikauvuta moshi wote ndani.
Siku nne kompyuta ilinukia vizuri
na kwenda vilevile.

Famau akasema ni umeme.
Lolote likikwama humu ndani, Famau husema ni umeme,
hata mlango.

Jirani akasema chumvi ya hewa.
Basi nikaifungua kwa bisibisi ya cherehani:
chokaa ya darini imelala humo tabaka tabaka,
na mjusi mmoja, mkavu kama risiti.
Nikapangusa. Feni ikaacha kukohoa.
Kiduara hakikuacha.

"Mama, imezeeka tu," akasema Twaha.
Ina miaka tisa. Mimi nina arubaini na moja
na hakuna anayenipa dakika ishirini za kuamka.

Usiku, wote wamelala, nikakaa nayo uso kwa uso.
Vidole vitatu, vitufe vitatu,
ikafunguka orodha ya wanaokula humo ndani
na kila mmoja anakula kiasi gani.
Niliisoma kama mwenye nyumba
anayehesabu viatu mlangoni
siku ambayo hakualika mtu.

Juu kabisa, watatu. Kinga za virusi, tatu.
Moja ilikuja na mashine.
Ya pili aliiweka shemeji Shekuwe, Idi ile,
kabla hata hajamaliza kahawa.
Ya tatu ni ya fundi Nasoro wa Langoni,
niliyemlipa aondoe kitu kingine.

Nikiita kadi moja tu ya arusi,
wa kwanza anaisimamisha: watoka wapi?
Wa pili: watoka wapi?
Wa tatu hakusikia jibu, anauliza upya.
Na wakikosa mwizi
wanapekuana wao kwa wao mifukoni
mpaka asubuhi.

Nikacheka peke yangu, kitambaa mdomoni.
Nyumba hii naijua. Niliolewa humu.
Mkwe mlango wa ndani, shangazi mmoja ukumbini,
shangazi mwingine dakani na tasbihi yake:
wenda wapi, wenda na nani, warudi saa ngapi.
Nikifika dukani, duka limefungwa.
Hakuna aliyenitakia mabaya.
Wote walikuwa wakinilinda.

Mashine ikauliza: una hakika?
Ndiyo.
Ikauliza tena. Hata yenyewe ilishazoea.
Ndiyo, nikasema, kwa sauti.
Nikawatoa wawili. Nikamwacha mmoja,
yule aliyekuja na nyumba.

Asubuhi nikabonyeza, nikaenda kwenye unga.
Sijaufunika, nasikia ile sauti yake ya kuamka.
Nikatoka na mikono myeupe, nikasimama pale:
skrini imewaka, tupu, yanisubiri mimi,
na mimi sina nilichojiandaa kuandika.

Bi Somoe akapita na birika la udhu,
akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.
"Umeuona ule ubani?"

Nimeuona, mama, nikasema.
Nimeuona.