Ukurasa wa Kwanza

Saa nane na nusu usiku, Dundee, ghorofa ya tatu.
Mita ya gesi imebakisha pauni moja na peni kidogo.
Nimevaa koti ndani ya nyumba,
naitilia mlango
seva ya chama chetu cha kuzikana.

Tuko arubaini na mmoja: wauguzi, madereva wa basi,
mpika keki mmoja, na Machano wa Aberdeen, mweka hazina,
aliyenipigia jana kwa hasira:
"Nimebisha hodi kwenu, nimejibiwa *Inafanya kazi!*
Nini hicho kinachofanya kazi?"

Kweli. Ndiyo kauli seva iliyozaliwa nayo.
Ukiandika jina la nyumba na mkwaju, basi,
bila kutaja unachokitaka,
inakupa hilo.

Nikaifuta kauli. Seva ikakosa stara,
ikaanika nyumba nzima barazani:
michango ya Januari, deni la Bi Time,
bei za makaburi, risiti ya sanda,
kila mpita njia ajisomee.
Nikaziba. Ikageuka bawabu:
*Hairuhusiwi.*
Aliyefiwa alfajiri, umwambie hairuhusiwi?

Basi nimefungua faili la mipangilio.
Mstari mmoja tu:
akija asiyesema neno, mpe karibu.html,
likikosekana, mpe poleni.html,
likikosekana na hilo, ndipo useme hakuna.

Nikaiwasha upya.
Hakuna.

Robo saa natafuta kosa, kumbe
mafaili yote mawili nimeyaanza kwa herufi kubwa,
na mashine haijui
kwamba mkubwa na mdogo hula sinia moja.

Saa tisa, ukurasa umefunguka.
Theluji dirishani. Simu inalia: mama,
kwao kumeshakucha.
"Habari za huko?"
"Nzuri."

Hakutaja faili, nami nimempa ukurasa wa kwanza,
ule niliopangiwa kabla sijajua kusoma,
usiochelewa, usiouliza nani anagonga.
Nyuma yake folda zimelala gizani:
zamu zilizokatwa, koti hili, pauni moja,
bahasha ya kahawia juu ya friji.

Mama kanyamaza. Namsikia akikoroga chai.
Kisha, kama mtu aijuaye njia yote,
anaongeza mkwaju, anataja jina:

"Na ile barua ya uhamiaji,
wamejibuje?"