Anika, Anua

Sisi saba, na fundi Ussi wanane,
baada ya Alfajiri, nyuma ya banda la friji mbovu
pale Limbani, Wete, umande ungali kwenye majani ya mihogo:
magoti yamelegea kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa
akakumbuka hana kiti.
Mikono mbele, imekumbatia mtungi usioonekana.
Basi. Hakuna teke. Hakuna ukelele.
Watoto wa chuoni wakipita hutucheka:
"Hawa wanasubiri nini?"

Mie nilikuwa nasubiri nguvu.
Nilimwona fundi kwa macho haya
ameweka kiganja juu ya gunia la karafuu,
hakurudi nyuma, hakuvuta mkono,
na Shaame, aliyelikumbatia gunia upande wa pili,
akakaa chini kama aliyepewa habari ya msiba.
"Hii ndiyo kungfu," fundi akasema. "Iliyobaki ni sinema."

Nikaitaka. Nikaitaka tangu jana yake.
Akisema robo saa, mie saa nzima.
Akisema kapumzike, naenda uani kwetu,
usiku, taa imezimwa,
nasimama mpaka jasho linachora nyayo zangu kwenye saruji.
Kisha ngumi mia tatu kwenye gome la mnazi.
Kisha nazuia pumzi, naikandamiza chini ya kitovu
kama anayeshindilia nguo katika sanduku la safari.
Nikihisi joto tumboni, nasema: ndilo hilo. Limekuja.

Lilikuja.
Lilikuja na kikombe kugonga sahani asubuhi,
chai ikimwagika kabla haijafika mdomoni.
Lilikuja na moyo unaokimbia nami nimelala,
na goti la kushoto kulia nikirukuu,
na hasira: nilimfokea Mize, mdogo wangu,
kwa sababu ya kijiko.

Fundi Ussi hakunihubiria.
Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
akatazama pembeni, kama anayesikiliza mota.
"Unasimama mara ngapi?"
Nikadanganya.
Akasikiliza tena. "Haizimi," akasema.
"Na mota isiyozima haigandishi zaidi, yakhe. Inaungua.
Siku tisa usije. Na huko kwenu usisimame.
Hata kwenye foleni, ukiweza, kaa."

Nikarudi kwa mama, na mwaka ule karafuu zilizaa.
Anika, anua. Kazi ndiyo hiyo.
Jua likitoka, majamvi chini, zisambae nyembamba,
uzipindue kwa unyayo, usizisage.
Magharibi zirudi ndani.
Kesho tena. Huwezi kuziamrisha zikauke leo.

Siku ya nne niliona lundo kwenye kona ya ukumbi,
bichi, la juzi, tulilolisahau.
Nikatia mkono ndani mpaka kiwiko.
Joto.
Joto lilelile la tumboni mwangu,
tamu, zito, lenye harufu.
"Mama, hizi zina moto."
"Zinavunda," akasema, bila kugeuka.
"Zitatoka nyeupe. Hazina mafuta, hazina bei."

Sikuutoa mkono upesi.

Siku ya kumi nilikuwa nyuma ya banda.
Robo saa. Kuna sauti iliyoniambia ongeza,
naijua, bado ipo, haijahama,
nikashusha mikono kabla haijamaliza kusema.
Pumzi ilishuka yenyewe, sikuisukuma,
kama mgeni anayejua chakula kipo.

Nguvu? Sijui. Sijagusa gunia la mtu.
Ila jana wingu la upande wa Mtambwe lilikuja ghafla,
mama akapiga kelele, "Anueni!"
nikakusanya ncha nne za jamvi kubwa, la watu wawili,
nikafika nalo ukumbini, na sikukumbuka kulinyanyua.
Mama alilitazama jamvi, akanitazama mie.
"Hizo ulizozimwaga mlangoni," akasema, "ziokote."