Shimo la Saa Tatu Asubuhi

Jansugi, nipe koleo. Wewe zungumza na wageni,
waambie tunapumzika.
Hatupumziki. Ninachimba.

Ubavu wa Fahali uko mbele yetu, mweupe, mtulivu,
kama shuka lililopigwa pasi na mtu asiye na haraka.
Nyuzi thelathini na saba. Nimeupima mara mbili.
Upepo wa juzi uliikomba theluji ya ng'ambo ya tuta
ukaimwaga huku,
kama jirani afagiaye taka zake hadi mlangoni pako.

Mita moja na sentimita arobaini, mpaka kwenye nyasi.
Nausawazisha ukuta wa shimo kwa kiganja cha glavu
na kipupwe kizima kinanitazama usoni.
Chini kabisa ni theluji ya Novemba, imegeuka sukari:
chembe kubwa, kavu, hazishikani hata ukizifinya,
ndugu waliogombea urithi.
Juu yake, ganda la ile mvua ya Noeli yetu.
Kisha wiki ya anga safi. Unaikumbuka, Jansugi?
Usiku wa nyota, tukatoka nje na bilauri mkononi,
tukausifu.
Kumbe usiku uleule umande ulikuwa ukiganda juu ya theluji,
ukiota manyoya ya kioo,
yamesimama wima mlima mzima, mazuri,
hata mimi niliyapiga picha.
Sasa yamezikwa. Sentimita hamsini na mbili.
Mstari wa kijivu, unene wa ukucha.

Torkel anatazama saa. Amepanda ndege tatu kuja Svaneti.

Nakata nguzo, upana wa koleo. Nagonga juu yake.
Kwa kifundo cha mkono, mara kumi: kimya.
Kwa kiwiko: moja, mbili,
na bamba zima linanitelezea mapajani
kama droo iliyovutwa.
Lingevunjika ovyo, ningetulia kidogo.
Ni unyofu wa ule mkato unaonitisha.

Husemwa mficha maradhi kifo humfichua.
Mlima haufichi. Umelala na ugonjwa wake chini ya shuka,
unangoja tu mtu wa kilo themanini
aje aketi ukingoni mwa kitanda.

Baba hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na sikio.
Theluji ikishusha pumzi chini ya buti zake, *huumf*,
alisimama, akavua kofia, akarudi alikotoka
kwa nyayo zilezile.
Kaka yangu Murza alikuwa na miaka kumi na saba
na fahali wawili wa kulisha.
Alipanda na sleji kuchukua nyasi za malisho ya juu.
Siku mbili tulichoma mteremko kwa fito.
Mbwa ndiye aliyejua. Tulipopasua pale alipokwaruza,
theluji ilinukia Julai.

Hili simwambii Torkel. Namwambia: tunarudi.
Anasema kuna nyayo za sungura zimekatiza katikati.
Namwambia: wewe si sungura.

Tunashuka kwa msitu wa mibetula, mmoja mmoja, tumeachana,
skii zikikwaruza kwenye matawi, hakuna raha yoyote.
Jioni Jansugi alimimina kinywaji
na hakuna aliyepata la kuombea heri.

Ubavu wa Fahali haukuporomoka.
Si siku ile, si kesho yake, si mwezi ule.
Ulikaa hadi Mei, ukayeyuka taratibu,
ukashuka kwetu kama maji ya kunyweshea ng'ombe.
Torkel ameniandikia maneno mawili: *Unaona sasa?*
Naona. Sina la kumjibu.
Mlima hautoi risiti kwa aliyerudi nyumbani.

Shimo nililifukia kabla hatujaondoka,
nikalikanyaga kidogo juu,
asije mtu mwingine akatumbukia.