Mia Toa Saba

Mia toa saba, tisini na tatu.
Toa saba tena, themanini na sita.
Toa saba...
nesi Shemndolwa ametua kalamu, ananisubiri,
nami natazama pangaboi la kliniki
kana kwamba jibu linazunguka humo.

Ilianza kwa friwili.
Si yenyewe. Jina lake.
Yenyewe ilikuwa kiganjani, ina grisi, inalia tiki-tiki,
nimeifungua mara elfu hapa Ngamiani,
na Mbaruku, kitindamimba wangu, kanyoosha mkono,
nami nasema, "Shika... shika hiki, mwenzake cheni."
Akacheka. Nikacheka.
Usiku sikucheka.

Mji wetu una msemo: waja leo, waondoka leo.
Ulisemwa kwa wageni.
Siku hizi nauona kwa maneno:
yaja asubuhi na salamu zote,
adhuhuri yamekwisha funga mizigo.

Miaka kumi na saba nina kirusi.
Vidonge saa tatu usiku, sijaruka,
hata siku tuliyomzika mama Mbaruku
nilimeza kwa kahawa ya msibani,
watu nimewapa mgongo.
Kipimo husema wadudu hawaonekani.
"Basi kichwani kuna nini, nesi?"

Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.
"Huenda walipita huko mapema, kabla hujaanza dawa.
Huenda umri. Huenda sigara,
na kukaa kitako kutwa, na kulala saa nne tu.
Sikuahidi kitu, baba.
Wapo waliofanya mazoezi wakapata nafuu. Tujaribu."

Basi najaribu.
Alfajiri naanzia barabara ya kwanza,
na kila barabara naipa neno inishikie.
Ya kwanza, spoku.
Ya pili, pedeli.
Ya tatu, hendeli, penye mfereji uliovunjika.
Ya nne, friwili, mlangoni pa duka la mchele,
ili likipotea nijue pa kulidai.
Nafika ya kumi na tano jasho linanitoka,
narudi nikikusanya madeni yangu.
Ya tisa hunidhulumu.
Nimeiwekea stendi, nimeiwekea kengele,
kila nikirudi namkuta mama wa vitumbua tu
na harufu yake, na njaa yangu.

Sigara niliacha Jumatatu.
Jumatano nikavuta moja, nyuma ya choo kama mtoto.
Alhamisi nikaacha tena.
Chumvi nimepunguza; mchuzi umekuwa kama maneno ya hakimu.
Naingia kitandani saa nne, nabishana na dari.

Jioni tukifunga kazi Mbaruku hunitajia vitu kumi:
uzi, betri, dagaa, kiberiti, ndimu...
nivirudishe kwa mpangilio.
Nimewahi saba. Nimewahi vinne.
Juzi akauliza, "Baba, mchezo huu wa nini?"

Nilikuwa nanyoosha rimu.
Rimu iliyopinda huigongi nyundo.
Unaizungusha, unatazama inapoyumba,
unatia alama ya chaki,
unakaza spoku nusu mzunguko,
unalegeza ya jirani, unazungusha tena.
Haiwi mpya. Inapita kati ya breki bila kukwaruza,
na mwenye baiskeli anafika kwake.

Nikamwambia. Kirusi, miaka, vidonge
kwenye kopo la boliti juu ya kabati.
Sikumtazama; nilitazama chaki.

Alinyamaza mpaka muadhini akamaliza.
Akavuta kigoda karibu, akafuta mikono kwa kitambaa,
kidole kimoja kimoja, kama ninavyofuta mimi.
"Kile cha kwenye kopo nilikijua," akasema.
"Nilidhani wewe ndiye hujui kwamba najua."
Kisha, "Mia toa saba?"

"Tisini na tatu."

"Toa saba," akasema, akajijibu mwenyewe haraka,
sauti imemkauka,
"themanini na saba."

"Sita," nikamwambia.
"Themanini na sita, mwanangu.
Rudi mwanzo. Taratibu."