Anwani Isiyohama

Usiku huu tunahama.
Si nyumba: gazeti la mji wa Liepāja,
makala elfu thelathini na moja,
kutoka seva kuukuu inayokoroma chini ya ngazi
hadi seva nyingine nisiyoijua hata sura.
Ilgvars ameniachia kahawa na swali moja:
"Anwani za zamani, tuzibakize au tuzikate?"
Kisha akavaa koti, akaenda zake,
upepo ukamfungia mlango.

Zamani tuliapa.
Kila habari na kiungo chake cha kudumu:
mwaka, mwezi, siku, na kichwa kilichoungwa kwa vistari,
kirefu kama treni ya mizigo.
Kudumu! Neno la watu wa harusini.
Hatukujua kwamba kijana wa mafunzo
angeandika "daraaja",
na kwamba ile alifu ya ziada
ingetimiza miaka kumi na mitatu,
imenukuliwa katika tasnifu mbili
na ripoti moja ya wahandisi.
Herufi ile sasa ina wategemezi.
Siwezi kuifukuza.

Namfikiria Zenta Brūvere.
Anwani ya tanzia ya mumewe, fundi wa tramu,
ameinakili kwa kalamu ya risasi,
karatasi kaibana kwa sumaku mlangoni mwa jokofu.
Kila tarehe tisa huiandika kwenye kompyuta,
herufi kwa herufi, kidole kimoja,
kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba
akijua mwenyeji yumo.
Nikiikata
atakutana na mia nne na nne:
ukurasa haupo.
Atadhani amekosea kuandika. Atarudia.
Atarudia hadi chai ipoe.

Basi zibaki zote, nikasema.
Kidole tayari kiko juu ya kitufe.

Lakini yumo pia Gundars.
Alikamatwa kwa nyaya za shaba za reli;
mahakama ikamwachia, hakuwa yeye.
Tulisahihisha habari, tukabadili kichwa,
tukaomba radhi kwa herufi nzito.
Anwani hatukuigusa. Ni ya kudumu.
Hadi leo, juu kabisa, mahali watu wazima hawapatazami,
pameandikwa mwizi-wa-shaba
na jina lake la ukoo.
Bintiye ana miaka kumi na minne.
Watoto hupatazama.
Mtego wa panya, aliyemo na asiyekuwemo.

Mama yangu alipeleka barua katika mji huu.
Mtaa wetu ulibadilishwa jina mara tatu,
kila serikali na kibao chake,
na barua zikaendelea kuja kwa majina yote matatu.
Zote alizifikisha.
"Mtaa haujui unaitwaje," alisema akivua viatu,
"ninayejua ni mimi."

Nami nafanya kazi ya mama.
Nafungua faili la maelekezo:
kushoto anwani ya kale, kulia mpya,
abishaye kule afunguliwe huku.
Sijui nani atalilinda faili hili nikiondoka.
Kila mstari ni deni, na mdai hafi.

Saa nane usiku nafika kwa Gundars,
na hapo ndipo ninapoona:
ili nilifute neno lile
sharti kwanza niliandike.
Kushoto, mwizi. Mshale.
Kulia, jina lake, peke yake.
Mashine haisahau kwa kuambiwa sahau;
husahau kwa kukumbushwa kila siku
ni kipi cha kusahau.
Nikaliandika. Vidole vikaona haya.

Kumepambazuka rangi ya majivu.
Chini ya ngazi kimya.
Nachukua anwani ya Zenta, siibandiki,
naiandika kwa kidole kimoja, vistari vyote,
kimoja nakikosea, narudia,
na fundi wa tramu anajitokeza,
kofia imelala upande, karibu acheke.

Ya Gundars niliijaribu mara tatu,
nikijifanya nina miaka kumi na minne.