Safu ya Mpunga

Asubuhi ya sikukuu theluji imegeuka tope,
nami nimekaa kwenye kiti cha kukunja
kati ya duka la dobi na uwanja wa kuegesha magari,
daftari magotini, kalamu ikigoma kwa baridi.
Hapa ndipo anapokaa Inari wa mtaa wetu:
kibanda cha mbao kisichozidi kabati la nguo,
lango jekundu unalopita umeinama,
na mbweha wawili wa mawe, mmoja hana sikio
tangu lori la bia liliporudi nyuma bila kutazama.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne wa kuandika.
Mizoguchi, daktari wa meno: yeni elfu tano.
Mjane Hisae: pombe ya mchele, chupa mbili,
moja imeshafunguliwa, nami sikuuliza.
Dobi: mchele kilo tano, bei bado imebandikwa.
Kwa akina Sekine wanapika wali na kunde nyekundu,
mvuke unachungulia dirishani kabla ya wenyewe.

Na mzee Tokuji, muuza tofu,
ameleta vipande thelathini alivyokaanga alfajiri,
rangi yake manyoya ya mbweha, vikichuruzika mafuta.
"Andika vizuri," akasema. "Ni vya mwisho.
Mwezi wa tatu nazima jiko."
Nikaandika: tofu, thelathini.
Daftari halina mahali pa kuandika "mwisho."

Lina mahali pa mambo mengine.
Kurasa za nyuma alizipiga mistari baba mkwe wake Hisae,
siku ambazo pale panapolala magari palikuwa na majaruba
na vyura waliwanyima watu usingizi.
Mstari mmoja kwa kila mwaka, safu tatu:
Mpunga. Mchele. Wali.
Maana mungu wa mavuno, alisema,
asipewe tu kilichokwisha kupikwa
kama mgeni aliyechelewa;
aonyeshwe kwanza kilichotoka matopeni.
Safu ya wali imejaa mpaka pambizoni.
Ya mchele haijambo.
Ya mpunga, tangu lami ilipomwagwa,
sufuri chini ya sufuri chini ya sufuri,
mayai ya kuku aliyekimbia kiota.

Saa nne ngoma ikaanza.
Watoto ni tisa, wanne tumewaazima mtaa wa pili.
Machela ya mungu, iliyotaka zamani mabega ishirini,
sasa inasukumwa juu ya kitoroli cha hospitali,
gurudumu moja likilia kwa mpigo wake lenyewe,
na dobi anapiga makelele ya watu kumi
ili mungu asihesabu.

Hapo akaja Ritsuki wa ghorofa ya sita,
miaka minane, kamasi puani,
amekumbatia ndoo ya plastiki ya buluu.
Mwalimu aliwagawia miche mwezi wa tano.
Yeye akaisahau roshani, mvua ikaikumbuka,
shomoro wakala sehemu yao,
na masuke yaliyobaki mama yake akayafunga kwa uzi wa kushonea,
yakakaa juu ya jokofu tangu vuli.
Kumi na saba. Niliyahesabu mara mbili.
Mengine mapepe matupu.
"Ni ya mbweha," akasema,
"lakini asile yote. Nataka mbegu."

Mzee Tokuji akavua kofia.
Halafu akaivaa tena, baridi ni baridi.
Akanyofoa punje moja, akaimenya kwa ukucha,
akaiweka ulimini, akatafuna muda mrefu
kuliko punje moja inavyostahili.
"Ngumu," akasema. Basi.

Nikateremsha kidole kwenye safu ya kwanza,
nikapita sufuri sitini na mbili,
nikaipulizia kalamu pumzi ya moto,
nikaandika: masuke kumi na saba.
Wino ukatoka mzito kuliko nilivyotaka,
ukavuja mpaka mstari wa mwaka ujao.
Nyuma yangu Ritsuki anauliza
nani amechukua ndoo yake.