Jumanne ni Jumanne

Walimu wa ushairi wanataka mshororo wa mizani kumi na sita,
nane huku, nane kule.
Wangu hautatimia. Mimi ni fundi wa mizani za chuma,
na aliyenifundisha alisoma Kigujarati tu,
na namba.

Karsan Pithva alishuka Kisumu kwa gari la moshi
mwaka wa thelathini na nane, kijana wa miaka kumi na tisa,
ana sanduku la tupa na anwani ya mjomba
ambaye homa ilimchukua wiki mbili kabla.
Akalala stesheni siku tatu.
Ya nne akaifungua mizani ya karani wa mizigo iliyokwama,
akapata chai, mkate, na kazi ya maisha.

Mimi nilimkuta ndevu zimeanza mvi.
Nilitoka Maragoli na kaptura moja. Akanipa nyundo, nikagonga.
"Adagala, polepole! Chuma iko na masikio."

Tukazunguka kwa baiskeli, Kibos, Miwani, Ahero,
yeye akikanyaga, mimi nyuma na gunia la mawe ya kupimia,
makalio yakiwaka moto.
Jumanne hatukutoka.
Jumanne akina mama wa Kibuye walileta mizani zao za samaki,
magamba yamegandia sahani,
naye akazisugua, akazisawazisha, senti hakupokea.
Nikamuuliza sababu.
"Jumanne ni Jumanne," akasema, akaendelea kupiga tupa.

Watoto wake aliwapima dukani wakiwa na siku sita
kwenye mizani ya chai yenye uso kama saa,
akaandika ukutani kwa penseli:
Hansa, ratili sita u nusu.
Bipin, saba na robo.
Manjula, nne.
Manjula hakuufikia mwezi. Kila tulipopaka chokaa
mzee alichukua brashi ndogo mwenyewe
akalizunguka jina lile, polepole,
kama mtu anayepita karibu na aliyelala.

Serikali ilipoleta kilo, tulikereza mawe mwaka mzima.
Vumbi la shaba akalikusanya kwenye kopo la Kimbo,
akaliyeyusha, akamfulia Rambha bangili.
Ililia Rambha akisukuma chapati,
nasi huku karakana tukajua saa ya kunawa.

Majirani wakafunga masanduku.
Hansa akaenda Lesta, Bipin akamfuata.
Mzee akachukua kitambulisho, akapanga foleni tangu alfajiri.
"Mimi nakwenda, nani natengeneza mizani ya Nyar Seme?"

Rambha alipokufa, siku ya kumi na tatu,
aliniita nyuma ya duka.
Mwaka wa arobaini na sita, akasema, alikuja mnunuzi wa samaki
na shilingi arobaini mkononi.
Alitaka risasi kidogo chini ya sahani,
kiasi cha ukucha.
Ilikuwa nauli ya Rambha.
"Akina mama hapana jua," akasema. "Mimi iko jua."
Kisha akaniuliza kama nimefunga dirisha.

Alikaa miaka tisini na moja. Mizani za betri zilipoingia
alifungua moja, akachungulia ndani, akacheka hadi akakohoa:
"Hapana chuma! Nasikiliza nini?"

Bipin alirudi kumchoma baba yake.
Asubuhi ya kwenda ziwani alipitia dukani,
meza imejaa springi na skrubu,
akakiweka chungu cha majivu mahali palipokuwa wazi:
juu ya mizani ya chai.
Mshale ukapanda.
Sote wawili tukageuka tukatazama barabara,
muuza miwa, mbuzi, mtoto akivuta tairi,
tukatazama mpaka Bipin akapapasa nyuma yake
akakiinua chungu bila kuangalia.

Sijui ulisimama wapi.
Leo Jumanne. Wako watano mlangoni,
na wa kwanza ameshaanza kulalamika.